Memori kadi badala ya hadidiski kwenye kompyuta za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa hapa Lamu na watu wenye kompyuta za 386, 486, Pentium za mwanzo (hayo ni majina ya vizazi vya prosesa) na laptopu za miaka ya 90, wengine wanaziweka kwa mapenzi tu na wengine ndani yake kuna hesabu za duka au maandishi ya mzee ambayo hayako pengine popote. Nimeyajibu kwa urefu pale panapowashinda wengi, pengine nimepita haraka.

Hadidiski yangu ya zamani bado inazunguka vizuri, kwani kuna haja gani ya kubadilisha?

Haja ipo na ni ya saa hii, si ya mwakani. Hadidiski ni mashine, ina mota, ina beringi zenye mafuta yanayokauka, ina vichwa vinavyoelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo mno, na nyingi za zamani zina kitundu cha kupumulia chenye kichujio, sasa fikiria hewa yetu ya pwani yenye unyevu na chumvi ikiingia na kutoka humo miaka ishirini na kitu. Siku inayokufa haitoi taarifa, unawasha unasikia tik tik tik basi. Ukiona inawaka leo hiyo ndiyo nafasi yako ya kutoa vilivyomo, alafu ndo uanze kufikiria kadi.

Na ukishaweka kadi utafurahia mengine: hakuna kelele, joto linapungua, umeme unaokula ni kidogo sana (wenye sola mtaelewa), na hata mashine ikianguka kadi haina cha kuvunjika ndani kinachozunguka.

Ninunue kadi ya aina gani?

CompactFlash, ile kadi pana yenye vitundu 50 upande mmoja, ilitolewa na SanDisk 1994. Sababu ya kuipendelea ni kwamba hii kadi yenyewe inajua lugha ya IDE (njia ya zamani ya kuunganisha hadidiski na mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta), yaani ndani ina kidhibiti chake ambacho mazabodi ya zamani inakiona kama hadidiski ya kawaida kabisa. Kwa hivyo adapta yake ni njia za waya tu kutoka pini hizi kwenda pini zile, haina ubongo wowote ndani, na ndio maana bei yake ni ndogo na haiharibiki ovyo.

Pa kuzipata: usianze na duka, anza na wapiga picha wa harusi. Kamera kubwa za zamani kama Canon EOS 5D zilitumia kadi hizi, na walipohamia kamera mpya kadi zikabaki kwenye droo. Ukikosa, agiza Nairobi pale Luthuli Avenue ama Mombasa, mzigo uje kwa basi mpaka Mokowe uvuke na boti. Ukimwagiza mtu mwambie waziwazi CompactFlash, manake ukisema memori kadi tu atakuletea ya simu.

Hizi SD za kawaida je, haziwezi kabisa?

Zinaweza, lakini adapta yake lazima iwe na chipu ya kutafsiri katikati maana SD haijui IDE. Kuna zinazofanya kazi vizuri sana na kuna zinazokataa kwenye baiosi (programu ya mazabodi inayoamsha kompyuta) za kabla ya Pentium. Kama huna CompactFlash jaribu, hamna dhambi, lakini kwa 386 na 486 mimi ningesubiri ipatikane yenyewe.

Kadi ya GB ngapi? Nimeona ya GB 64 kwa bei nzuri.

Iache. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea kwa sababu tumezoea kwamba kubwa ndiyo bora, na kwa mashine hizi kubwa ndiyo inayokuletea balaa.

Baiosi za zamani zinahesabu diski kwa silinda, vichwa na sekta. Mpaka wa kwanza ni silinda 1024 mara vichwa 16 mara sekta 63 mara baiti 512, ukipiga hesabu unapata baiti 528,482,304, ndio ile MB 504 wanayosema (wengine wanaiita 528, ni kitu kimoja, hesabu tu mbili tofauti). Mashine nyingi za 386 na 486 za mwanzo zinakomea hapo. Zilizofuata baadhi zinakwama kwenye kama GB 2, nyingine 8.4, nyingine 32, na mwisho kabisa ile 137.

Alafu juu ya mpaka wa baiosi kuna mpaka wa DOS yenyewe, ule mfumo wa kuendesha kompyuta wa kabla ya Windows. DOS 3.3 patisheni moja (fungu moja la diski) haizidi MB 32. Kuanzia 4.0 mpaka 6.22 patisheni moja inafika GB 2 tu. Windows 95 ile ya kwanza ni hivyo hivyo, mpaka ilipokuja ile iitwayo OSR2 mwaka 1996 ndo FAT32, mpangilio mpya wa mafaili kwenye diski, ikaanza, na Windows 98 ikaendelea nayo.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: 386 au 486 ya mwanzo tafuta kadi ya MB 512 au chini, inaingia chini ya mpaka wa kwanza bila taabu yoyote. 486 za mwisho na Pentium weka GB 1 au 2. Mashine ya Windows 98 weka 4 au 8. Programu za DOS ni ndogo, ofisi nzima na michezo yake na barua za miaka kumi haijazi MB 200.

Jambo jingine, patisheni ya GB 2 kwenye FAT16 (mpangilio wa kabla ya FAT32) inatumia klasta, yaani vipande vya nafasi ya faili, za KB 32, maana yake faili la mistari miwili linakula KB 32 nzima. Patisheni ya MB 512 klasta ni KB 8. Ukiwa na mafaili madogo madogo mengi, na DOS ndivyo ilivyo, utaona tofauti.

Adapta ziko aina ngapi?

Za kujali ni mbili. Ya pini 40 ni ya dezktopu, hii inataka umeme wake mbali, mara nyingi kwa kile kiplagi kidogo cha flopi, na usiposhomeka umeme utasema kadi mbovu kumbe haijawaka. Ya pini 44 ni ya laptopu, pini zake zimesongamana zaidi na umeme unapita humo humo.

Sasa hiyo ya 44 iangalie kwa makini mno. Nyingi hazina alama ya kukuzuia usichomeke kinyume, na ukichomeka kinyume umeme unaingia njia siyo na kadi inaungua, pengine na mazabodi. Tafuta pini namba 1 kwenye adapta, tafuta namba 1 kwenye mashine, zilingane, ndio uwashe. Kwenye kebo ya dezktopu ule waya mwekundu pembeni ndio namba 1.

Niiandae kadi kwenye laptopu yangu mpya kisha niihamishe, ama kwenye mashine yenyewe ya zamani?

Kwenye mashine yenyewe. Kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu basi liwe hili, kwa sababu nusu ya wanaoniletea kadi "imekataa" shida yao ni hapa.

Sababu yake: kadi ikiwa kwenye kadi rida ya USB, laptopu yako kwa kawaida inaihesabu kama ina vichwa 255. Ukiipeleka kwenye 486 ya zamani, baiosi inaihesabu kwa vichwa 16, ama kwa vile kadi yenyewe inavyojitaja. Sasa unapogawa patisheni, zile hesabu za vichwa na sekta zinaandikwa ndani ya kadi, kwenye jedwali la patisheni na kwenye sekta ya kubutia (ya kuamshia mfumo). DOS ikiamka inafuata zile namba zilizoandikwa, inakwenda kutafuta faili lake mahali ambapo kwa hesabu ya mashine hii si hapo. Matokeo yake haibuti, au mbaya zaidi inabuti alafu inaanza kuandika juu ya mafaili yako taratibu na wewe hujui.

Ukigawa na kufomati kwenye mashine ambayo kadi itaishi, hesabu zote zinakuwa za mashine hiyo. Baada ya hapo ndio unaweza kuitoa, ukaiweka kwenye kadi rida ya laptopu mpya ukamwaga mafaili unavyotaka, hilo halina tatizo, Windows na Linux za leo zinasoma FAT16 vizuri tu. Kinachokatazwa ni kugawa na kufomati huko. Na hata ukifomati huko kwa FAT ya kawaida, kuna Windows zinazokubali kutengeneza FAT16 ya GB 4 yenye klasta za KB 64 ambayo DOS haiwezi kuisoma.

Kwa sababu hiyo hiyo usitoe kadi kwenye mashine moja ukaichomeka kwenye nyingine ukategemea ibuti. Pengine itabuti, pengine haitabuti, na ikibuti hakikisha kwanza mafaili yanafunguka kabla hujaandika kitu.

Haya, nifanye nini hatua kwa hatua?

Kwanza isafishe kadi, maana imetoka kwenye kamera na ina mpangilio wake wa kamera. Hii unaweza kuifanya kwenye laptopu mpya: Windows fungua diskpart, chagua diski (angalia saizi mara mbili usije ukafuta hadidiski yako), andika clean. Linux ni dd ya sufuri kwenye sekta za mwanzo. Usifanye zaidi ya hapo, itoe.

Ichomeke kwenye mashine ya zamani ikiwa peke yake kwenye kebo, jampa ya adapta (kile kifuniko kidogo cha pini) iwe masta, yaani diski ya kwanza. Ingia kwenye baiosi, kama kuna kitu cha kutambua diski yenyewe kitumie, kama hakuna chagua aina ya 47 ujaze silinda, vichwa na sekta kwa mkono. Hifadhi, buti kwa flopi ya DOS. Andika FDISK (programu ya kugawa diski), tengeneza patisheni ya kwanza, alafu hakikisha umeiweka iwe aktivu, yaani ya kubutia. Buti tena kwa flopi, kisha FORMAT C: /S. Ile /S ndiyo inayoweka mafaili ya kubutia, ukiisahau andika SYS C: baadaye. Toa flopi, washa.

Nimefuata yote na inabaki kistari kinapepesa kwenye skrini nyeusi.

Buti kwa flopi uandike FDISK /MBR. Kadi nyingi, hasa zilizotoka kwenye kamera, hazina ile kodi ndogo ya mwanzo inayoambia mashine ibutie wapi, na FDISK ya kawaida haiandiki kila mara ikiona pana kitu. Amri hii inaandika kodi hiyo bila kugusa patisheni zako. Ikikataa bado, rudi uangalie kama patisheni ni aktivu, alafu rudi jibu la vichwa 255 na 16.

Baiosi haiioni kabisa kadi.

Angalia umeme wa adapta, jampa, na mwelekeo wa kebo, kwa mpangilio huo. Kama kadi iko na kifaa kingine kwenye kebo moja, kitoe kile kingine. Kuna kadi haziwezi kukaa slevu (diski ya pili) hata ufanye nini, na kuna hadidiski za zamani hazitaki mwenzake kwenye kebo. Betri ya mazabodi pia, ikiwa imekufa baiosi inasahau kila ukizima. Na hapa nawasihi wenye 386 na 486, fungueni mtazame ile betri ya pipa iliyochomelewa, ikianza kuvuja maji yake yanakula njia za shaba za mazabodi. Itoe mapema hata kama mashine inafanya kazi.

Nitahamishaje vilivyo kwenye hadidiski ya zamani?

Njia ninayoiamini: andaa kadi kwanza ikiwa peke yake kama nilivyoeleza, ibuti vizuri. Alafu ndio urudishe hadidiski ya zamani ikiwa slevu kwenye kebo ile ile, ubadilishe jampa yake. Sasa kadi ni C na ya zamani ni D. Andika XCOPY D:\*.* C:\ /S /E uende ukanywe kahawa.

Watu hufanya kinyume, wanaacha ya zamani iwe masta na kadi slevu, wanakopi vizuri kabisa, kisha kadi haibuti kwa sababu FDISK ya DOS haikubali kuweka aktivu patisheni ya diski ya pili. Fuata mpangilio wangu utapumzika.

Mambo mawili ya kuangalia. Flopi uliyofomatia kadi iwe na toleo lile lile la DOS lililo kwenye hadidiski, maana COMMAND.COM ya zamani itaandika juu ya mpya na ukiwasha itakulalamikia toleo. Na XCOPY ya DOS inaruka mafaili yaliyofichwa, kama kuna programu ya hesabu inayoficha faili lake tumia ATTRIB kulifichua kwanza.

Zikikataa kukaa pamoja, DOS 6 ina INTERLNK na INTERSVR, unaunganisha kompyuta mbili kwa kebo ya serial au paraleli, polepole lakini inafika. Kuhusu kuchomeka hadidiski kwenye laptopu kwa adapta ya USB, za miaka ya 2000 zinakubali, za zamani sana zisizojua LBA (kuhesabu sekta kwa namba moja badala ya silinda na vichwa) nyingi hazisomeki hivyo, usidhani imekufa. Na kama inasomeka lakini inakwama kwama, usikopi faili moja moja, piga picha ya diski nzima kwa ddrescue kwenye Linux. Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho, chukua kinachochukulika kwanza.

Windows 98 inakubali? Na kadi haitachoka haraka?

Inakubali. Shida moja ni kwamba kadi nyingi za kamera zinajitambulisha kama diski ya kutolewa, na Windows za NT na XP ndizo zinazosumbuka zaidi nalo, 98 haisumbui sana. Kama unataka XP tafuta kadi ya kiwandani inayojitaja kama diski ya kudumu.

Na kwenye adapta za bei ya chini nyaya za DMA (njia ya haraka ya kuhamisha data bila kupitia prosesa) mara nyingine hazikuunganishwa. Windows ikikwama kwenye kubuti au ikiwa nzito ajabu, zima DMA kwenye sifa za diski, iwe PIO, ile njia ya polepole. Kasi inapungua lakini inatulia.

Kuchoka: kila sehemu ya kadi inaandikika mara zenye ukomo, ila kidhibiti cha ndani husambaza uandishi usipige mahali pamoja. DOS inaandika kidogo sana, kadi nzuri itadumu miaka mingi. Windows ndiyo inaandika kila saa kwa ajili ya swapu (kutumia diski kama ramu ya ziada), dawa yake ni kuongeza ramu ili isihitaji swapu mara kwa mara.

Stima ikikatika katikati ya kazi?

Kwetu hili si swali la kinadharia. Angalia AUTOEXEC.BAT yako (faili la amri zinazofanywa kila unapowasha) kama kuna SMARTDRV. Hiyo inaweka uandishi kwenye ramu kwanza ndio ipeleke kwenye diski baadaye, stima ikipotea kwenye hiyo nafasi kazi imekwenda na pengine jedwali la mafaili limeharibika. Kuanzia DOS 6.2 unaongeza /X mwishoni, inabaki kuharakisha kusoma tu na kuandika kunakwenda moja kwa moja. Kadi ina kasi ya kutosha, hutaona hasara. Mwenye duka anayeandika madeni ya watu humo, fanya hili leo.

Naweza kuichomoa kadi mashine ikiwa inawaka, kama flashi?

Hapana. Zima kwanza, kila mara.

Nina 286, je? Na ile ya IBM XT?

286 nyingi zina jedwali la aina za diski lisilobadilishika na kadi yako haimo. Dawa ni XTIDE Universal BIOS, programu ya bure unayoichoma kwenye romu, na unaweza kuiweka kwenye soketi ya romu ya kadi ya netiweki ya ISA (sloti za mazabodi za zamani), si lazima ununue kifaa kipya. XT yenye sloti za biti 8 inataka kadi yake maalumu, zinaitwa XT-IDE au XT-CF, nazo zinatumia baiosi hiyo hiyo. Ukishaiweka mipaka mingi niliyotaja juu ya baiosi inaondoka, ya DOS inabaki.

Amiga na Mac?

Amiga 600 na 1200 zina IDE ya pini 44 ndani, kadi inaingia na unaiandaa kwa HDToolBox, programu ya Amiga ya kugawa diski. Weka MaxTransfer (kiasi cha data kinachohamishwa kwa mara moja) iwe 0x1FE00, ukiacha namba ya kawaida mafaili makubwa yanaharibika kimyakimya. Na kwa Kickstart 3.1 (romu ya mfumo wa Amiga) kaa chini ya GB 4.

Mac nyingi za zamani ni SCSI, njia nyingine ya kuunganisha diski, CompactFlash haiingii hapo. Huko tumia BlueSCSI au kifaa kama hicho, kinatumia kadi ya SD yenye faili la picha ya diski, kwa mfano HD10_512.hda, ile 1 ndiyo namba ya SCSI. Hii unaiandaa kwenye laptopu mpya bila wasiwasi kwa sababu Mac haioni kadi, inaona lile faili.

Nitajuaje kadi si feki?

Ijaribu kabla hujaweka chochote. H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux, zinajaza kadi yote kisha zinasoma tena. Feki inajitaja GB 8 kumbe ndani ni 2, ikifika hapo inaandika juu ya vya mwanzo. Muuzaji mzuri atakusubiri uijaribu.

Baada ya miezi inaanza kupotea na kurudi.

Mara nyingi ni pini, si kadi. Chumvi inaweka utando wa kijani kwenye shaba. Zima, chomoa, safisha pini za adapta na kebo kwa spiriti ya isopropili na brashi laini, usitumie petroli wala sandpepa, acha ikauke kabisa. Ukiwa nyumba za Mkomani zinazotazama bahari weka pakiti za silika ndani ya kesi, zile zinazokuja kwenye viatu zinafaa, ukizibadilisha zikishajaa unyevu.

Nikishamaliza yote nafanyaje bekapu?

Itoe kadi mashine ikiwa imezimwa, iweke kwenye kadi rida, uipige picha nzima: Win32 Disk Imager kwa Windows, dd kwa Linux. Faili litakuwa la MB mia kadhaa, liweke sehemu mbili, moja iwe nje ya nyumba. Ukitaka kurudisha, nunua mapema kadi ya pili ya modeli ile ile na saizi ile ile, maana kadi mbili za MB 512 za kampuni tofauti zinaweza kutaja silinda tofauti, na picha iliyotoka kwenye moja isibuti kwenye nyingine. Uichomeke siku hiyo hiyo uone inabuti, ndio uifungie kwenye mkebe mkavu na uandike juu yake ni ya mashine gani.